Mgombea wa Kaptembwo na Bomba la Majitaka: Uchambuzi wa Kisa cha Kiti cha Wadi Nakuru

Mwanamke mmoja anayeishi Kaptembwo, upande wa magharibi wa jiji la Nakuru, amewatangazia majirani zake kwamba atagombea kiti cha mwakilishi wadi, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, katika uchaguzi mkuu wa tarehe 10 Agosti 2027. Mtu huyu ni wa mfano: nimemuunda ili nisimtaje mkazi yeyote aliye hai, lakini vikwazo na nafasi nitakazozieleza ni zile ambazo Katiba, sheria na mazoea ya siasa zetu humwekea yeyote aliye katika hali yake. Ana duka dogo la rejareja, ni mhudumu wa afya ya jamii anayepokea posho ya kila mwezi, na kwa miaka kadhaa amekuwa katibu wa kikundi cha wapangaji ambacho hakijawahi kusajiliwa popote. Kadi yake ya kura ingali Vihiga, alikozaliwa. Ahadi anayoitoa ni moja tu, wala haipambi: akichaguliwa, bomba la majitaka litafika kwenye ploti za kupanga ambako wapangaji wote hutegemea choo kimoja cha shimo.

Swali kuu la kisa hiki ni kama kiti anachokitafuta kina uwezo wa kutimiza ahadi hiyo, na kama hakina, uwezo huo uko wapi. Maswali ya kama anaruhusiwa kugombea, na kwa tikiti gani, yanatangulia kwa sababu ya kalenda, ingawa kwa uzito ni madogo zaidi.

La kadi ya kura ni jepesi. Kifungu cha 193 cha Katiba kinamtaka mgombea wa bunge la kaunti awe amesajiliwa kuwa mpiga kura. Hakisemi asajiliwe katika wadi anayoigombea, na wala hakimtaki aishi humo. Kwa hiyo kisheria angeweza kugombea Kaptembwo hali kadi yake iko Vihiga, na mpinzani anayelala Milimani na kuja Kaptembwo wakati wa kampeni tu ana haki ileile. Kisiasa, hata hivyo, mgombea asiyeweza kujipigia kura amewapa wapinzani wake wimbo wa kuimba hadi Agosti, na katika mji uliopitia vurugu za baada ya uchaguzi za Januari 2008, maneno ya “arudi kwao” si mzaha wa kampeni. Ahamishe kadi mapema katika ofisi ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, na jambo hilo liishe.

Elimu nayo haimzuii. Aliishia kidato cha nne, na kwa muda ilionekana kwamba sheria ingewafungia mlango watu kama yeye, lakini hitaji la shahada ya chuo kikuu kwa wawakilishi wa wadi lilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2021, na uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila hitaji hilo.

Posho ndiyo inayohitaji kutazamwa kwa makini, kwa kuwa wagombea wengi wa aina yake huipuuza. Tangu mpango wa wahudumu wa afya ya jamii uzinduliwe upya mwaka 2023, kila mhudumu amepangiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Katiba inamkataza mtumishi wa umma kuchaguliwa kuwa mwakilishi wadi, na Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inamtaka mtumishi wa umma anayetaka kugombea ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya siku ya kura. Ndiyo maana kuelekea uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 siku ya mwisho ilikuwa tarehe 9 Februari. Je, mhudumu wa posho ni mtumishi wa umma? Upande mmoja unaweza kusema kwamba posho si mshahara, kwamba mhudumu huchaguliwa na jamii yake, na kwamba hana barua ya ajira ya kudumu. Upande wa pili utajibu kwamba fedha hizo zinatoka katika hazina ya umma, kwamba mhudumu amepewa simu na vifaa na serikali, na kwamba anaingia nyumba za wapiga kura kwa mamlaka ya kaunti. Mimi ninaona hoja ya kwanza ina nguvu zaidi, lakini sioni faida yoyote ya mgombea kuijaribu mahakamani kwa kutumia kiti chake mwenyewe. Barua ya kujiuzulu ifike kwa msimamizi wake kabla ya tarehe 10 Februari 2027, naye abaki na nakala iliyopigwa muhuri. Atapoteza posho ya miezi sita. Akiendelea nayo anaweza kupoteza ushindi.

Sasa tikiti. Katika maeneo ambako chama kimoja kimetawala, mchujo wa chama hicho ndio uchaguzi wenyewe, na Agosti hubaki kuthibitisha tu. Nakuru ilikuwa karibu na hali hiyo mwaka 2022, Susan Kihika wa chama cha UDA alipomwondoa gavana aliyekuwa madarakani, Lee Kinyanjui, aliyegombea kwa tikiti ya Jubilee, huku wimbi hilohilo likiwabeba wagombea wa chini. Mgombea wetu hana fedha za kushinda mchujo, wala hana mtu makao makuu ya chama wa kumhakikishia kwamba cheti cha uteuzi hakitabadilishwa usiku. Anaelekea kuwa mgombea huru, na Katiba inamruhusu kwa masharti mawili: aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo, na asiwe mwanachama wa chama chochote cha kisiasa kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi.

Sharti la pili linaonekana rahisi kwa mtu ambaye hajawahi kulipia kadi ya chama, na hapo ndipo mtego ulipo. Mwaka 2021 Wakenya wengi walipoangalia orodha za Msajili wa Vyama vya Kisiasa kupitia mtandao wa serikali walikuta majina yao yamesajiliwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Mgombea wetu, ambaye ametoa nambari ya kitambulisho chake katika mikutano mingi ya kugawa vyandarua, mbegu na fomu za ruzuku, ana kila sababu ya kuangalia. Akikuta jina lake, aandike barua ya kujiondoa kwa chama husika na nakala kwa Msajili, kwa kuwa kujiondoa huanza kutambuliwa pale barua inapopokelewa. Na afanye hivyo kabla ya mwezi Mei 2027 kumkaribia.

Gharama ya kugombea huru si ada ya tume, ambayo mwaka 2022 ilikuwa shilingi 5,000 kwa kiti cha wadi na nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Gharama ni mawakala. Chama chenye wagombea kuanzia rais hadi wadi kinaweza kumweka wakala mmoja katika kila kituo kwa niaba ya wote, lakini mgombea huru hutafuta, hufundisha, hulisha na husafirisha wake mwenyewe. Pia akishindwa hana mahali pa kuangukia, kwa sababu viti maalumu vinavyogawiwa baada ya uchaguzi ili jinsia moja isizidi theluthi mbili hutoka katika orodha za vyama. Hilo ni jambo zito kwa mwanamke, ukizingatia kwamba kati ya wadi 1,450 za nchi nzima, wanawake waliochaguliwa moja kwa moja walikuwa 96 mwaka 2017 na 115 mwaka 2022. Hata hivyo bado ninaona njia ya huru inamfaa, kwa kuwa mtaji alio nao ni wa kujulikana mlango kwa mlango, na mtaji huo hauna thamani mbele ya wajumbe wa mchujo.

Tuje kwenye ahadi yenyewe.

Wazee wa Nakuru wanaposimulia habari za diwani wanamkumbuka mtu aliyekuwa sehemu ya baraza lililoajiri wafagiaji na askari, lililokusanya kodi ya ardhi, na lililomchagua meya kutoka miongoni mwa madiwani. Baraza hilo la manispaa liliondoka pamoja na mabaraza mengine yote ya nchi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, serikali za kaunti zilipoanza. Tarehe 1 Desemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliikabidhi Nakuru hati ya jiji, ikawa jiji la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, lakini hati hiyo haikurudisha baraza la kuchaguliwa. Jiji linaendeshwa na bodi isiyozidi wajumbe 11 pamoja na meneja, kwa niaba ya serikali ya kaunti, chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011. Hakuna mpiga kura wa Nakuru anayempigia kura mjumbe yeyote wa bodi hiyo. Aliye karibu zaidi na diwani wa zamani ni mwakilishi wadi, yule ambaye kila mtu humwita MCA, naye hukaa katika bunge la kaunti pamoja na wenzake wanaotoka Naivasha, Molo, Kuresoi na Subukia, kaunti yenye wadi 55, ambamo jiji ni sehemu tu.

Tofauti hii si ya majina. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika sehemu ya 9, inaeleza kazi ya mwakilishi wadi: kuwasiliana na wapiga kura, kupeleka maoni yao bungeni, kuhudhuria vikao, na kuwa kiungo kati ya bunge na wananchi. Kisha inaongeza jambo ambalo kwenye mabango ya kampeni halionekani, kwamba mwakilishi wadi hataingia, moja kwa moja au kwa njia ya pembeni, katika kazi za utendaji za serikali ya kaunti wala kutoa huduma kana kwamba yeye ni afisa wake. Aliye na kazi hiyo katika wadi ni msimamizi wa wadi, mwajiriwa wa kaunti, ambaye wakazi wengi hawamjui kwa jina. Mahakama ya Juu ilitumia mantiki ya namna hiyohiyo Agosti 2022 ilipobatilisha Sheria ya CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ya 2013, kwa kuwa iliwaingiza wabunge katika utekelezaji wa miradi wanayopaswa kuisimamia kwa kuuliza maswali. Mgombea anayesema “nitaleta bomba” anaahidi kwa hiyo jambo ambalo sheria inamkataza kulifanya kwa mkono wake.

Bomba la majitaka lenyewe liko mbali zaidi na kiti hicho kuliko barabara au taa. Huduma ya maji na usafi ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, lakini Nakuru huitoa kupitia kampuni ya kaunti, NAWASSCO, inayofanya kazi kwa leseni na viwango vya malipo vinavyoidhinishwa na mdhibiti wa kitaifa. Miundombinu mikubwa, yaani mabomba makuu na mitambo ya kusafisha majitaka, mara nyingi hupitia shirika la serikali kuu, Central Rift Valley Water Works Development Agency, na hutegemea mikopo au wafadhili ambao ratiba zao hazisubiri kampeni za wadi. Katika mlolongo huo mwakilishi wadi mmoja ni sauti moja kati ya nyingi, na hana kalamu.

Kuna na jambo ambalo kikundi cha wapangaji wenyewe wanalijua vizuri kuliko mwanasiasa yeyote. Hata bomba likipita barabarani, kuliunganisha na ploti ni uamuzi na gharama ya mwenye nyumba, na katika Kaptembwo, ambako wengi ni wapangaji, wenye nyumba wengi hawaishi hapo. Mwenye nyumba anayepata kodi yake kila mwezi na choo cha shimo hana haraka. Keateka, yaani mtunza ploti wa mwenye nyumba, hana mamlaka. Mpangaji anayelalamika huambiwa ahame, na mara nyingi huhama. Udongo wa volkeno wa upande huu wa mji, ambao hubomoka na kupasuka mvua inapozidi, hufanya mashimo marefu kuwa hatari, kwa hiyo mashimo huwa mafupi, hujaa haraka, na gharama ya kuyanyonya hugawiwa wapangaji kwa ugomvi. Shida ya Kaptembwo basi ni ya bomba kwa sehemu tu. Sehemu kubwa ni ya mwenye nyumba asiyelazimishwa.

Hapa ndipo kiti cha wadi kinaanza kuwa na maana. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, tayari inawapa maafisa wa afya uwezo wa kumpa mwenye nyumba notisi ya kuondoa kero, na kumfikisha mahakamani asipotii. Kinachokosekana ni maafisa wa kutosha, usafiri wao, na bajeti ya kufuatilia kesi, na hayo yote yamo katika makadirio ambayo bunge la kaunti huyapitisha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaweka tarehe: mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba, mwelekeo wa fedha wa kaunti kufikia tarehe 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mwakilishi anayeapishwa baada ya uchaguzi wa Agosti anakuta bajeti ya mwaka wake wa kwanza imekwisha kupitishwa na waliomtangulia. Anachoweza kukigusa kwanza ni mpango wa Septemba, na mgombea asiyejua hilo hutumia Septemba yake ya kwanza kupokea wageni na kuhudhuria harambee za shukrani.

Ahadi inayolingana na kiti ingekuwa ya aina hii: kwamba ataomba kuingia kamati inayohusika na maji au afya, kwamba atahakikisha maafisa wa afya ya umma wa Nakuru Magharibi wana fungu lao katika mwaka wa fedha unaofuata, kwamba ataleta mswada unaomzuia mwenye ploti kupewa kibali cha kuongeza vyumba pasipo vyoo vya kutosha, na kwamba kila robo ya mwaka atamuuliza waziri wa maji wa kaunti, rasmi na kwa kumbukumbu za bunge, mabomba yamefika wapi. Ahadi hiyo haipigiwi vigelegele. Ninakiri, hata hivyo, kwamba ninaipenda kwa sababu inaweza kukaguliwa: baada ya mwaka mmoja mpiga kura anaweza kusoma kumbukumbu za bunge na kuona kama swali liliulizwa.

Juu ya fedha za kampeni sitasema mengi. Mgombea wetu ataombwa “kuachia kitu” kila atakapokutana na kundi la watu zaidi ya wawili, kuanzia steji ya bodaboda hadi kwenye mazishi. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inaliita jambo hilo hongo linapotolewa ili kupata kura, na mgombea huru asiye na mawakili wa chama ndiye mwepesi kuliko wote kushtakiwa ili awe mfano kwa wengine. Duka lake linamletea tatizo la ziada: mkopo wa unga anaowapa wateja wake wa kawaida utaonekanaje Julai 2027? Ningemshauri daftari la mikopo lisibadilike hata kidogo katika miezi hiyo, wala kwa kuongezeka wala kwa kusamehewa.

Tukirudi kwenye bodi ya jiji, hapo ndipo ninapotofautiana na uamuzi wa mgombea wetu, japo si kabisa. Sheria ya 2011 inatenga baadhi ya nafasi za bodi kwa watu wanaopendekezwa na makundi ya jamii: wanataaluma, sekta binafsi, vyama vilivyosajiliwa vya wafanyabiashara wadogo, na vyama vilivyosajiliwa vya wakazi wa mitaa. Wajumbe wengine huteuliwa na kaunti kwa ushindani na kuidhinishwa na bunge. Nafasi ya vyama vya wakazi imeandikwa kana kwamba mwandishi wa sheria alikuwa akimtazama katibu huyu wa wapangaji, ila kwa neno moja linalomwondoa, nalo ni “vilivyosajiliwa”. Kikundi chake kimekusanya michango, kimewasuluhisha wapangaji na keateka, na kimewahi kumfanya mwenye ploti achimbe choo kipya, lakini mbele ya sheria hakipo. Kukisajili kunagharimu kiasi kidogo mno kikilinganishwa na kampeni ya wadi, na kunakipa uwezo wa kushirikiana na vyama vya mitaa mingine, London, Rhoda, Kivumbini, kupendekeza jina la bodi.

Bodi haina fedha zake nyingi. Inategemea kile ambacho kaunti inaikabidhi. Lakini ndiyo inayosimamia mipango ya jiji na kutoa huduma za kila siku, na mjumbe wake, tofauti na mwakilishi wadi, hajakatazwa kushughulika na utendaji. Kama nia ya mwanamke huyu ni vyoo vya Kaptembwo, bodi ni njia fupi kuliko kiti. Kama nia yake ni kuamua nani anapata fungu gani katika kaunti nzima, kiti ndicho. Nimesoma ahadi yake tena na tena na ninaona ya kwanza. Lakini ninaelewa kwa nini amechagua ya pili: kura ni mamlaka ambayo majirani zake wanaweza kumpa wenyewe, bila kumwomba gavana, na uteuzi wa bodi unapita katika mikono ambayo yeye haifikii. Isitoshe, kampeni yenyewe, hata ya kushindwa, humpa jina ambalo mteuzi wa bodi atalisikia. Kwa hiyo ushauri wangu si kwamba aache kugombea. Asajili kikundi kwanza, ajiuzulu uhudumu kwa tarehe yake, ajiondoe chamani kama yumo, kisha ndipo achukue fomu.

Siku ya kura, matokeo ya kila kituo huandikwa katika Fomu 36A na ya wadi nzima katika Fomu 36B, na wakala wake asiondoke kituoni bila nakala iliyotiwa sahihi. Akishindwa kwa kura chache na akiona dosari, anaweza kufungua kesi katika mahakama ya hakimu ndani ya siku 28, akiweka dhamana ya shilingi 100,000, nayo mahakama inapaswa kuamua ndani ya miezi sita. Malalamiko juu ya vyoo anaweza kuyapeleka katika bunge lilelile kwa ombi la kimaandishi chini ya sehemu ya 15 ya Sheria ya Serikali za Kaunti, awe ameshinda au ameshindwa, na kwa ombi hilo hadaiwi dhamana ya kesi.